Mama Mkwe Hunisomea Namba za Kazini Kila Asubuhi

Mpendwa Mama Mdogo Vasudha,

Naomba msaada wako na naomba unijibu haraka kama unaweza, maana Jumatatu haiko mbali na moyo unanienda mbio tangu Alhamisi, chakula hakipiti, na daktari ameshasema presha yangu haitaki mawazo, sasa mawazo yenyewe nitayaweka wapi. Majina nimeyabadilisha yote, langu usilitafute. Nimeolewa Pune, nina mimba ya kwanza, huu ni mwezi wa nane, na kama ilivyo desturi nimekuja kujifungulia kwa mama yangu huku Sangli. Ukweni walinifanyia karamu ya mwezi wa saba, wakanivika bangili za kijani, wakanijaza ladu, vile vitamu vya mviringo, halafu kaka yangu akaja kunichukua na gari la kazini kwake.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta ambayo wateja wake wako Ulaya. Mteja ninayemhudumia mimi anatunza taarifa za wagonjwa wa hospitali nyingi za huko, na kazi yangu ni kurekebisha pale programu yao inapokwama. Mimba ilipoanza kunisumbua niliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, lakini kwa masharti ya mteja, kwamba naingia kwenye mtandao wao kwa VPN, yaani ile njia yao iliyofungwa, kwa kompyuta waliyonipa wao peke yake, nikiwa kwenye anwani niliyoiandikisha peke yake, na mtu mwingine asiiguse kompyuta hiyo wala kile kidude kidogo kinachotoa namba za kuingilia, ambazo hubadilika kila baada ya muda mfupi. Ukitaka kuhama unaomba, wanakukagua, wanakubali au wanakataa. Haya yote niliyasoma nikayakubali, siwezi kusema sikujua.

Sasa Mama Mdogo, mimi sikuomba. Mwaka jana kijana mmoja wa timu yetu aliingia kwenye mtandao wa mteja akiwa kwenye harusi ya binamu yake Nagpur, mchana wakamwona, jioni hayumo tena kwenye kazi za mteja yule, na mimi nilikuwa tayari nimeomba kufanyia kazi nyumbani na nimeomba nisipangiwe zamu za usiku, nikaona nikiongeza na hili la kuhamia Sangli watasema huyu mjamzito amekuwa mzigo, watamweka mwingine mahali pangu, na nitakaporudi na mtoto sitapakuta. Likizo ya uzazi nayo sikutaka kuianza mapema, nilitaka niile yote nikiwa na mtoto mkononi, si nikiwa nimejilaza kwa mama nasubiri.

Mume wangu, nimwite Mandar, ndiye aliyepata njia. Alisema kompyuta ya mteja ibaki Pune, juu ya meza ya kulia chakula pale pale ninapofanyia kazi siku zote, na mimi niiongoze kutoka Sangli kwa kompyuta yangu mwenyewe, kwa kutumia ile programu ambayo watu huitumia kuwawekea wazazi wao simu sawa wakiwa mbali. Kwa hiyo mteja akitazama anaona niko Pune kwenye anwani yangu, kila kitu kiko shwari. Kilichobaki kilikuwa zile namba za kwenye kidude, ambazo lazima mtu aliyeko pale azitazame, na Mandar anatoka mapema kwenda kazini, basi kazi hiyo akapewa mama mkwe. Kila asubuhi akishamaliza kuoga na kusali anavaa miwani, anakaa mezani, ananipigia simu na kunisomea zile namba polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, kisha ananiuliza nimekula nini na mtoto amecheza. Siku ya kwanza aliniuliza, "Hivi wenyewe wanajua?" nikamwambia wanajua, Mama, usiwe na wasiwasi, akafurahi kweli, akawa anawatania majirani kwamba na yeye siku hizi ameajiriwa Ulaya.

Tuliendelea hivyo bila tatizo mpaka Alhamisi hii. Alhamisi ni siku ya kikundi cha nyimbo za ibada cha mama mkwe na wenzake, na zamu ya kukutanika ilikuwa nyumbani kwetu Pune, na wanajiandaa na Ekadashi, ile siku ya kufunga na kusali, kwa hiyo walikuwa wengi kuliko kawaida. Mimi nilikuwa kliniki napimwa presha na kazi nilikuwa nimeiacha wazi, kwa sababu nikiifunga inabidi nimsumbue tena mama mkwe anisomee namba upya. Mmoja wao, Bi Nalini, alikuja na nyimbo mpya kwenye flashi, mwanawe alimwandikia, na simu yake haiwezi kuisoma, basi mama mkwe kwa kujivuna kidogo akamwambia kompyuta ya mkwe wangu hii hapa iko wazi, chomeka. Wakachomeka. Bi Nalini alipotazama kioo akacheka akasema majina ya hawa Wazungu mbona yana herufi nyingi hivi, wakaja na wengine kutazama, na hapo hapo kioo kikageuka chekundu, maandishi yakatokea, kompyuta ikajifunga.

Nilipotoka kliniki nikakuta simu za mama mkwe hazihesabiki, na ya Suhas, kiongozi wa timu yetu. Mteja alikuwa ameikata timu nzima kwenye mtandao wake. Ijumaa yote wenzangu walikaa tu bila kazi, na kwenye kundi letu la simu wanaulizana nani ameharibu, mimi nasoma na nakaa kimya. Jina la kompyuta liko wazi kwa watu wa usalama, wanajua ni yangu. Wamesema Jumatatu watanipigia kwa video, na wanataka niwe kwenye meza yangu ya kazi, niwaonyeshe chumba, kompyuta na kidude.

Nilimpigia Suhas nikaanza kumweleza, akanikata. "Dada, sitaki kujua ulikuwa wapi. Nataka tu Jumatatu uwe mezani, useme ulichomeka flashi kwa bahati mbaya, uombe radhi. Hilo wanalisamehe." Mandar naye anasema vivyo hivyo. Anataka kuja kunichukua Jumapili na gari, turudi Pune, aifute ile programu, Jumatatu nikae mezani, wakimaliza anirudishe huku. Nilimwambia daktari amenikataza safari ndefu, barabara yenyewe kwa mvua hizi unaijua, akanijibu, "Unakaa kiti cha nyuma, unalala, unaamka uko nyumbani. Nani atajua?" Mama yangu alikuwa anachambua dengu pembeni, akasikia, akasema kwa sauti ili na simu isikie, "Na huyo mjukuu wangu azaliwe wapi, kwenye kituo cha mafuta?" Tangu hapo hawa wawili hawazungumzi.

Na mama mkwe ndiye anayenimaliza kabisa. Analia kwenye simu, anasema ameniharibia kazi kwa nyimbo zake, amewaambia wenzake hatakwenda Ekadashi, Mandar anasema hata chapati moja haimalizi. Jana akaniambia, "Niache mimi niongee nao. Nitasema nilichukua bila ruhusa, mimi mzee sijui kitu, wataniona mjinga yaishe." Nami kusema kweli nimeanza kuona labda hiyo ndiyo njia, maana yeye hana kazi ya kupoteza na ni kweli ni wao waliochomeka, si mimi. Lakini nikilala naona uso wake. Mama Mdogo, niende Pune au nisiende? Nimwache aseme? Kazi hii nimeihangaikia tangu chuo na sitaki kuzaa nikiwa nimefukuzwa. Nisaidie.

Mwenye Hofu,
Sangli

MAMA MDOGO VASUDHA ANAJIBU

Jibu hili nilimtumia huyu dada kwa barua-pepe saa ileile nilipomaliza kusoma, maana lisingeweza kusubiri gazeti. Ninalichapisha kwa idhini yake, kwa ajili ya ninyi wengine mnaofanyia watu kazi kutoka vyumba vya kulala na meza za kulia chakula, na najua mko wengi.

Mwanangu, kwanza kaa. Kunywa maji. Hilo gari la Jumapili hutapanda, na hapo hatujadiliani. Presha iko juu, mwezi wa nane, mvua, barabara ile yenye mashimo, eti ukakae kwenye kiti utabasamu mbele ya kamera. Mwambie Mandar kwamba Mama Mdogo amesema hivi: kama anataka sana kuendesha gari siku ya Jumapili, aje Sangli akae na mkewe, na amletee mama yako kitu kizuri, maana ana deni la kumwomba radhi.

Nakuonea huruma, na nataka ujue hivyo kabla sijakugombeza. Mwanamke akishika mimba kazini anaanza kuhesabu ni mara ngapi ameomba kitu, kila ombi analiona kama tone linalojaza ndoo. Nimeona wasichana wengi wakijificha hivyo, na lawama si zenu peke yenu. Lakini mwanangu, hukukataliwa. Ungeomba wakakataa, leo tungekuwa tunazungumza mengine, ningekuwa nawagombeza wao. Wewe uliomba kichwani mwako, ukajijibu hapana kichwani mwako, kisha ukaenda kuvunja sharti.

Na usiniambie ni wao waliochomeka. Mtu akikupa ufunguo wa nyumba yake akasema usiutoe mkononi, ukauacha kwenye meza ya watu huku mlango uko wazi, huwezi kumlaumu jirani aliyeingia kutazama. Bi Nalini alitaka kusoma nyimbo. Mama mkwe alitaka kujivunia mkwe wake. Hao wote wawili hawakuweka ahadi na mtu yeyote. Aliyeahidi ni wewe.

Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia safu hii tu, lakini nyumba nazijua. Kuna jambo umelipita kwenye barua yako kama mtu anayevuka dimbwi, hujalitazama. Wale Wazungu wenye herufi nyingi ni wagonjwa. Wewe uko kliniki unapimwa presha, mtu anaandika kwenye faili lako mambo ambayo hata Mandar hujamwambia yote, na wakati uleule mafaili ya wenzako wa mbali yako wazi kati ya vikombe vya chai, watu wanayasoma na kucheka. Hawakuwa na nia mbaya, sawa. Sasa geuza. Faili ni lako, na meza ni ya kikundi cha wanawake wa mji usioujua. Ungesemaje? Ndiyo maana ya yale masharti yote ya anwani na kidude. Hawakuyaweka ili kukukomoa wewe na mimba yako.

Sasa fanya haya, na uyafanye leo. Ile kompyuta ya Pune izimwe ilivyo, pamoja na kidude ifungiwe kabatini, na mtu asifute kitu. Mandar akiifuta hiyo programu, wataona imefutwa, na hapo hutakuwa tena mjamzito aliyeogopa kuomba, utakuwa mtu aliyeficha ushahidi. Kompyuta yako ya Sangli nayo iache ilivyo. Badilisha maneno yako ya siri kwa njia watakayokuelekeza wao, wala usijaribu kuingia tena kwenye mtandao wao mpaka wakuruhusu.

Kisha mpigie Suhas. Mtu akikwambia hataki kujua, ujue anajua, anachotaka ni kuweza kusema baadaye kwamba hakujua. Usimpe nafasi hiyo. Mwambie kwa sentensi moja kabla hajakukata: "Kaka, nilikuwa Sangli, kompyuta ilikuwa Pune, nawaandikia watu wa usalama sasa hivi." Halafu waandikie kweli, usisubiri Jumatatu wakuulize. Waeleze uko wapi na kwa nini, tangu lini, programu gani ilitumika, namba nani alikusomea na kwa agizo la nani, flashi ilichomekwa na nani na ilikuwa na nini, na kwamba kioo kilikuwa wazi na majina ya wagonjwa yakaonekana. Hilo la majina usiliruke kwa aibu, maana ndilo wanalolihitaji kuliko yote. Wao nao wana watu wa kuwaeleza. Usilie kwenye barua hiyo na usitaje presha yako kama ngao. Omba radhi mara moja, kwa maneno ya kawaida. Wenzako uliowaacha Ijumaa nzima wakitazamana kwenye kundi, nao waambie ni wewe.

Jumatatu wakipiga video, pokea ukiwa hapo hapo kwa mama yako, tumbo likionekana, na dengu nyuma yako kama zipo.

Sitakudanganya kwamba watakusamehe. Pengine watakutoa kwenye kazi ya mteja huyu, pengine kampuni nayo itakuwa na lake la kusema. Kuhusu likizo yako ya uzazi, usisaini chochote cha kuiacha wala cha kuacha kazi kwa hasira zao au kwa aibu yako. Kabla ya kusaini, mtafute mtu anayejua sheria za kazi akusomee. Na likizo yenyewe ianze sasa. Ulitaka kuihifadhi yote kwa ajili ya mtoto, lakini mtoto ameshafika, yuko humo ndani anasikia moyo wako unavyokwenda mbio tangu Alhamisi.

Sasa nije kwa mama mkwe, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na hapa ndipo nilipokukasirikia.

Alikuuliza. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajashika kile kidude, yule mwanamke anayejiita mzee asiyejua kitu aliuliza swali ambalo wewe, mumeo na kiongozi wako wa timu mwenye vyeti vyote hamkuuliza. Wenyewe wanajua? Ukamwambia wanajua. Ukaliweka katikati ya sentensi ndefu, kati ya miwani na majirani, ukaendelea kusimulia. Angejua hawajui, unadhani angekusomea namba? Angemwambia Bi Nalini achomeke flashi mle? Mtu anayejua analinda siri huwa mwangalifu. Yeye alijua yuko kazini kwa halali, akajivuna kwa halali, na akamkaribisha rafiki yake kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo leo anajinyima chakula kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu anaamini kulikuwa na ruhusa na yeye ndiye aliyeiharibu. Na wewe ulikuwa umeanza kufikiria kumwacha aende mbele ya wageni ajiite mjinga kwa niaba yako. Unasema ukilala unauona uso wake. Vizuri, uendelee kuuona mpaka umpigie.

Usianze na Suhas, nimebadilisha mpangilio. Suhas atasubiri, na watu wa usalama watasubiri. Mpigie yeye kwanza, sasa hivi, kabla hajakaa tena mbele ya sahani asiyoigusa. Asubuhi zote yeye ndiye aliyekupigia, leo piga wewe. Usimuulize amekula nini, usianze na habari za mtoto. Mwambie hivi: "Mama, uliniuliza kama wenyewe wanajua. Hawakujua. Mimi nilijua."

Kisha nyamaza, umwache alie au akufokee, chochote atakachochagua. Akimaliza, atakwenda kula.